Krapf: Aliyejaza Maji Kwenye Mtutu wa Bunduki

Kama wakaa Likoni kama mimi, Feri waijua. Saa kumi na moja jioni watu wamejaa mpaka huoni sakafu, jua lakupiga ubavuni, na feri iko katikati ya maji, haiji wala haiendi. Hapo ndipo nilipomalizia kusoma habari za huyu mzee, kwenye simu, betri imebaki asilimia saba, koo limenikauka na muuza maji ashapita zamani. Nikajiona nateseka kweli. Halafu nikafika pale anapokunywa maji ya kwenye bunduki, nikanyamaza.

Mwanzo wala sikuwa namtafuta yeye. Nilikuwa nasoma juu ya riwaya moja ya zamani ya Mpoland, Henryk Sienkiewicz, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Riwaya yenyewe ilitoka 1911, na jina lake kwa Kiswahili ni kama Jangwani na Msituni. Ni hadithi ya watoto wawili, Staś wa miaka 14 na Nel wa miaka 8. Wanatekwa nyara Misri, wanavushwa jangwa mpaka Sudan, wanatoroka, wanakata bara zima kwa miguu, na karibu na mwisho wanataka kufa kwa kiu kwenye nyika isiyo na tone la maji. Wanaokolewa na kuletwa wapi? Mombasa. Mombasa yetu hii. Kwenye riwaya ile, ukifika Mombasa umepona.

Nikajiuliza kama kuna mtu wa kweli aliyepitia kitu kama hicho pande hizi. Kumbe yuko, na yeye alienda kinyume: alianzia Mombasa, ndipo akaingia kwenye nyika. Jina lake sote tumeliandika kwenye mtihani. Johann Ludwig Krapf, Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Umepata alama moja, wageuza karatasi, maisha yanaendelea. Hakuna mwalimu aliyeniambia huyu jamaa aliponea chupuchupu kula mchwa na mavi ya ndovu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 kijijini Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka kama kumi na moja hivi, jirani alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulifanya. Kipigo kilimlaza nusu mwaka. Mtoto amelala kitandani miezi sita, hakuna simu, hakuna runinga, afanye nini? Akasoma Biblia. Alipopona wakampeleka shule ya mjini, na huko akaonyeshwa ramani ya Afrika. Macho yake yakaenda upande wa Mashariki, kwenye nchi za Adal na Usomali, ambako wachora ramani walikuwa wameandika majina machache mno. Mtoto akaanza kuwaza kama kule ni jangwa tupu lisilo na watu, akasoma kitabu cha msafiri mmoja kuhusu fisi wa Uhabeshi, akili ikahama. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa kuwa nahodha wa meli. Nyumbani wakapiga hesabu, pesa hazitoshi. Ndoto ikafa hapo.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kumpenda. Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamishonari kule Basel, Uswisi. Mwaka 1829 akaacha. Ndiyo, aliacha chuo. Kichwa kilikuwa kimejaa vitabu vya watu wa miujiza na maono, akaona yeye si wa kazi ile, akarudi nyumbani. Mimi pia niliacha chuo mwaka wa pili, ila kwangu ilikuwa karo, na mpaka leo shangazi zangu wakinisalimia wananisalimia kama wamekuja matangani. Kwa hivyo nilipofika sehemu hii nilisoma mara mbili.

Baadaye alisomea dini Tübingen akawa mchungaji msaidizi. Huko nako akahubiri kwamba mwisho wa dunia umekaribia, wakubwa wa kanisa wakakasirika, kazi ikaisha. Akawa mwalimu wa watoto nyumbani kwa watu. Karibu anafika miaka 26 na hakuna jambo hata moja alilolianza likasimama. Mwishowe rafiki akamvuta tena kwenye umishonari, na shirika la Church Missionary Society la London, ambalo kwa kifupi ni CMS, likamtuma Uhabeshi mwaka 1837.

Uhabeshi nitapita mbio, ingawa peke yake ni riwaya. Adwa walimfukuza 1838. Mwaka 1839 akaingia kwa mlango mwingine, kutoka Tajura akikata jangwa la Adal, lile lile la kwenye ramani ya utotoni, kupitia Ziwa Assal, pahali pa chini kuliko pote Afrika, chumvi tupu na joto la tanuri. Alikaa ufalme wa Shoa karibu miaka mitatu. Mwaka 1842 akitoka huko, mtawala mmoja wa Wollo alimkaribisha vizuri, kisha akamnyang'anya kila kitu, na Krapf akatembea mpaka Massawa kama omba omba. Hilo lilikuwa somo la kwanza la kubaki hai bila chochote. Waweza kusema alikuwa anafanya mazoezi.

Mwaka huo huo alioa. Mke wake, Rosine Dietrich, alikuja Misri kutoka Ulaya. Alikuwa amechumbiwa na mmishonari mwingine aliyekufa kabla hawajaoana. Wakajaribu pamoja kurudi Shoa, wakakataliwa. Katika kuhangaika huko, Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani, bara ya Massawa, chini ya miti. Mtoto hakuishi. Walimwita Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Nataka umkumbuke Rosine. Vitabu vya shule havimtaji, na yeye alitembea jangwa lile lile na mimba.

Mwishoni mwa 1843 wakapanda jahazi kutoka Aden kuja pwani yetu. Januari 1844 wakafika Unguja, ambako Sayyid Said alimpa Krapf barua ya kuwaambia maliwali wake wamtendee wema mtu huyu. Hebu fikiri: mtawala Mwislamu anampa mhubiri wa Kikristo barua ya njia. Mei 1844 Krapf na Rosine wakahamia Mombasa. Mombasa ya siku hizo ni hii tuiitayo leo Mji wa Kale, vichochoro na misikiti, Fort Jesus ikiwa na askari wa Sayyid waliowatoa Wamazrui miaka saba tu kabla. Feri hakuna, daraja la Nyali hakuna. Ukitaka bara, wapanda mtumbwi.

Akaanza kazi bila kungoja. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muedin, mtu wa Barawa, aliyekuwa kadhi hapa Mombasa. Kadhi na mchungaji meza moja, wakibishania neno moja moja. Siku hizi watu wanatukanana mtandaoni kwa kidogo kuliko hicho.

Mwezi mmoja baadaye, homa ikaingia nyumbani. Sisi twajua ni malaria, wao hawakujua inatoka wapi. Krapf alilala hajiwezi, na Rosine akajifungua mtoto mwingine wa kike, Julai 1844, akiwa tayari anaungua na homa. Siku chache baadaye Rosine akafa. Siku chache tena mtoto akafa. Mumewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kunyanyuka kwenda kuwatazama kulikuwa kazi. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, kando ya njia wanayopita watu. Wakavushwa maji, wakazikwa upande wa pili, huko Nyali tunakokwenda leo kula mishikaki na kupiga picha. Krapf akawaandikia wakubwa wake London kwamba sasa kuna kaburi lao moja pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wajue kazi imeanza. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado sijui nimpende au nimkasirikie. Mtu amezika mke na mtoto, na anaandika kama anapeleka ripoti. Labda hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutolia. Labda alikuwa mgumu tu.

Miaka miwili alikaa peke yake. Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, na Agosti wakahamia Rabai, wazee wa Rabai wakiwa wamewakubali. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja. Wakapokezana kupanda, na kile kilima cha Rabai wakakipanda nusu wakitambaa.

Ukisimama Rabai ukatazama magharibi, nyika yaanza pale. Watu wa pwani waliiogopa na walikuwa na sababu. Ukitoka Mariakani waingia Taru: udongo mwekundu, miiba, miti iliyokauka kama mifupa, na maji yako kwenye ngurunga peke yake, yale mashimo ya kwenye miamba yanayoshika mvua. Mvua isipokuja, ngurunga ni jiwe. Kutoka hapo mpaka Maungu misafara ilitembea usiku kucha, kibuyu kikiisha kimeisha. Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo. Wao walishusha pembe za ndovu mpaka pwani tangu zamani, na Krapf aliifuata njia yao. Hakugundua barabara yoyote, kama vitabu vingine vipendavyo kusema. Alilipa wapagazi akafuata nyuma.

Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf akaenda Ukambani Novemba 1849, akafika Kitui kwa Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, mtu ambaye jina lake lilijulikana mpaka Mombasa. Kivoi ndiye aliyemwambia habari za mlima wenye kitu cheupe juu, na tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka Krapf akauona kwa mbali, vilele viwili vyeupe. Jina alilolisikia aliliandika Kenia. Mlima ukaipa nchi jina mwaka 1920. Kwa hiyo ukishika kitambulisho chako, jua kimepitia mdomo wa Mkamba na sikio la Mjerumani. London wasomi walicheka. Bwana mmoja, Desborough Cooley, ambaye hajawahi kukanyaga huku, alishikilia kwamba theluji kwenye ikweta haiwezekani. Watu wa kubisha bila kwenda hawakuanza na intaneti.

Sasa twende 1851, ndiyo sababu ya mimi kuandika.

Krapf alikuwa na mpango mkubwa: vituo vya mishoni vilivyoungana kama mnyororo kutoka Mombasa mpaka bahari ya upande wa pili wa Afrika. Pete ya kwanza ya mnyororo ingekuwa Yatta, Ukambani. Julai 11 akaondoka Rabai. Akafika Yatta, wapagazi wakamjengea kibanda kibovu, wakachukua malipo, wakaondoka zao. Kumbuka ni mwezi wa kiangazi, yuko peke yake na mizigo, mvua haimo. Mtu mwenye akili angerudi. Yeye akaendelea mbele kwa Kivoi.

Kivoi alikuwa akijiandaa kwenda mto Tana na ng'ambo yake kuchukua pembe zake. Krapf akafuatana naye. Tarehe 27 Agosti, wakiwa wamekaribia Tana, kundi la watu wenye mishale likawatokea kichakani. Msafara ukasambaratika. Krapf alipiga bunduki mara mbili, lakini juu hewani, kwa sababu hakutaka kumwaga damu ya mtu. Kivoi aliuawa pale pale pamoja na waliosimama naye. Wengine walikimbia. Krapf naye akakimbia, na aliposimama kuhema akakuta hakuna mtu kushoto wala kulia.

Hebu weka hesabu ya alichokuwa nacho. Bunduki ambayo hana moyo wa kumpigia mtu. Darubini kwenye ala ya ngozi. Pembe ya baruti. Nguo alizovaa. Chakula hana, kibuyu hana, hajui njia, na alipotoka ni mwendo wa siku kadhaa katika nyika ambayo anayekuona hujui ni rafiki au yule wa mishale.

Kiu ndiyo iliyoanza. Alijua Tana iko karibu, akaona mstari wa miti mirefu, akajua ndio mto. Lakini mchana kuna watu, kwa hiyo akajificha akingoja giza huku maji anayaona kwa akili. Usiku akateremka, akanywa mpaka akashiba. Halafu likaja swali ambalo mimi lisingenijia: kesho nitabebea nini? Akatoa darubini kwenye ala yake ya ngozi, akaijaza maji. Haikutosha. Akatazama bunduki. Akamimina maji ndani ya mitutu, akaiziba midomo kwa majani na vipande vya nguo yake mwenyewe. Bunduki iliyoshindwa kumlinda ikawa chupa.

Hiyo ndiyo sehemu iliyoninyamazisha pale Feri. Katika mambo yote aliyoyafanya huyu mtu, sarufi, tafsiri, milima, hakuna linaloonyesha akili yake kama hili.

Akatembea usiku, mchana amelala chini ya vichaka. Dira hana. Alipima njia kwa upepo aliojua unakovumia, na nyota zikionekana. Maji ya ala yaliisha upesi. Akaenda kuzibua bunduki anywe, akakuta mitutu mitupu: miiba ilikuwa imeng'oa vizibo njiani, maji yamemwagika usiku bila yeye kusikia. Fikiria uko pale. Umepanga vizuri, umejibana, umeweka akiba, na kichaka kimeiiba.

Njaa nayo. Alijaribu majani, akajaribu mizizi. Akajaribu mavi ya ndovu. Akafikiria mchwa. Alichanganya hata baruti na machipukizi ya mti, akatafuna, na tumbo likamkata vibaya. Siandiki haya ukatapike na chai yako. Naandika kwa sababu katika riwaya shujaa akisikia njaa hupiga swala mmoja, wakachoma, wakaimba. Huyu alikuwa na bunduki iliyojaa majani.

Kilichomwokoa ni nyani. Siku hiyo kiu ilikuwa imefika mwisho, akasikia kelele zao bondeni, na akili yake ikafanya kazi tena: nyani hawakai pasipo na maji. Akafuata sauti. Akatokea kwenye mto mkavu, mchanga mtupu, na katikati ya mchanga kulikuwa na shimo ambalo nyani wenyewe walikuwa wamelichimba, na ndani yake maji. Akanywa. Halafu, kama kawaida yake, akatafuta chombo. Akaimwaga baruti kwenye kitambaa, akaifunga, na ile pembe akaijaza maji.

Baadaye alisikia sauti za watu, akajitoa mhanga akaita. Walikuwa Wakamba wa msafara wa Kivoi, mtu na mkewe, walionusurika kama yeye. Hawakuwa na kitu cha kusema nacho, lakini wakamgawia chakula kidogo walichokuwa nacho, wakaenda naye. Ukinihoji mimi, ukurasa huu ndio mkubwa kuliko ule wa theluji. Watu wamempoteza mkuu wao, wamekimbia mishale siku mbili, wana vipande vya chakula vya kuhesabu, na wanavigawa na mgeni.

Ungedhani hadithi imeisha. Lakini wapi! Alipofika kijijini kwa Kivoi, ndugu wa marehemu walimuuliza kwa nini yeye yuko hai. Kama alikuwa mgeni wa Kivoi, angekufa naye. Kama alikuwa mganga, kama wengi walivyoamini, angemkinga. Wengine walitaka auawe. Vitabu vya Kizungu hupenda kuwachora hawa ndugu kama watu wabaya. Mimi naona ni watu wenye msiba. Mzee wenu ametoka na mgeni, mgeni amerudi, mzee hakurudi. Wewe ungeuliza nini?

Krapf akatoroka usiku, peke yake tena, kibuyu kidogo na chakula kidogo. Alitaka kufika Yatta. Alitembea usiku tatu, akijichoma miiba gizani, akianguka kwenye mashimo, na alipopima akaona hajaenda popote. Hapo akafanya jambo ambalo shujaa wa riwaya hafanyi. Alijisalimisha. Akajitokeza kwa watu, akarudishwa kwa ndugu wa Kivoi, akiwa amekubali lolote litakalotokea. Na hao hao waliotaka afe wakamwacha aende. Alipelekwa Yatta, na kutoka huko akashuka Rabai Septemba 1851. Pwani habari ilikuwa ishafika kwamba amekufa. Rebmann na mwenzake Erhardt walimwona akiingia kama wamemwona mzuka.

Kituo cha Yatta hakikujengwa. Mnyororo haukupata hata pete moja. Kwa miaka yake yote pwani, waliobatizwa walihesabika kwa vidole, na wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu kilema wa Rabai aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Krapf aliondoka Mombasa 1853, afya imekwisha. Alijaribu Uhabeshi tena, akashindwa. Mwaka 1862 alirudi pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe, akaugua, akarudi kwao. Mwaka 1867 Waingereza walimchukua kama mkalimani kwenye vita vyao vya Magdala, akaugua tena, akarudishwa.

Kilichobaki kikasimama ni kile alichokuwa anakifanya akingoja mambo makubwa yatokee: maneno. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen 1850. Kamusi aliifanyia kazi karibu maisha yake yote, akiandika maneno kama alivyoyasikia hapa Mombasa, Kimvita chenyewe, pamoja na mifano ya jinsi watu walivyokuwa wakiyatumia. Alikuwa nyumbani kwake Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881, asubuhi walipomkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakufa. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata. Hakuishika mkononi.

Wiki jana nilipanda treni ya SGR kwenda Voi kwa shughuli za mtu. Nilikaa dirishani makusudi. Baada ya Mariakani ikaja Taru, ule wekundu, miiba, miti mifupa, dakika baada ya dakika, kiyoyozi kinavuma na mtoto wa kiti cha mbele analilia biskuti. Nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita. Niliimaliza kabla hatujafika Maungu.